Asiulizwe Mpaka Aseme

Mwezi wa sita na wa saba Mdandu, huku Ubena, huamka na ukungu. Watu hutoka na makoti mazito na kofia za sufu, wengine wamejifunga blanketi mabegani, na mama wa chai hawana hata nafasi ya kuinua kichwa. Mtu mzima akijikunyata kidogo karibu na jiko, siku yake inaendelea. Kwa mtoto mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyosema, baridi ile ni hatari. Mishipa midogo ya damu hubana, chembe nyekundu zilizopinda umbo la mundu hukwama ndani yake, na kiungo kilichokosa damu huanza kuuma. Binti yangu alipokuwa mdogo, kabla hajajua kueleza, alikuwa akishika goti lake na kusema, "Mama, mfupa unalia."

Mimi si mzaliwa wa Ubena. Nimezaliwa Ukerewe, nikakutana na mume wangu chuo cha ualimu, nikamfuata kwao, nikajifunza kuitikia salamu ya kamwene. Kijana wetu wa kwanza alizaliwa hana tatizo. Binti alipofuata, hata mwaka hajatimiza, vidole vya mikono na miguu vikavimba kwa pamoja, naye akalia usiku kucha. Kipimo cha damu kikatoa jibu.

Maneno yakaanza. Ndugu walisema ugonjwa huu kwao haupo, umekuja na bibi harusi kutoka ziwani. Maneno yale yalikuwa na nusu ya ukweli. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mengi ya Afrika Mashariki, na mwaka 1954 akachapisha alichokiona: wanaobeba kinasaba hiki ni wengi palipo na malaria, kandokando ya Ziwa Viktoria na pwani, na ni wachache sana kwenye nyanda za baridi. Anayekirithi upande mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana kimedumu vizazi na vizazi kwetu ziwani. Lakini mtoto hapati ugonjwa wenyewe mpaka arithi pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Mama mkwe wangu alizaliwa Malinyi, bonde la Kilombero, ambako wapo Wabena walioishi miaka mingi kwenye joto na mbu. Muuguzi alimweleza yote haya kliniki, taratibu, mimi nimekaa pembeni. Alinyamaza. Kisha akasema, "Basi ni wetu sote." Hakuna aliyethubutu kurudia maneno yale mbele yake tena, na ndiye aliyekuja kuuza maharage yake ili tupate nauli na viingilio vya siku ninayotaka kuisimulia hapa.

Familia yenye mgonjwa husafiri sana, ila safari zake zote huishia mahali pamoja. Sisi tulitoka Mdandu hadi Makambako, tukapanda basi alfajiri, tukapita Mafinga, Iringa, mteremko wa Kitonga, Mikumi na Morogoro, zaidi ya kilomita 600, mpaka Dar es Salaam, na kutoka stendi moja kwa moja Muhimbili. Huko tangu mwaka 2004 timu iliyoongozwa na Profesa Julie Makani imekuwa ikifuatilia wagonjwa wa selimundu kwa maelfu, katika nchi ambayo wataalamu hukadiria kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Nina deni la shukrani kwa kazi ile ambalo sitalimaliza. Hata hivyo binti yangu alifika umri wa miaka kumi akiijua Dar es Salaam kwa foleni na sindano tu. Bahari alikuwa ameiona kwa mbali, kupitia dirisha la daladala.

Karibu na nyumbani tunayo Kitulo. Ni uwanda wa juu ulioko Makete na kuvuka kuelekea Mbeya, hifadhi ya taifa tangu 2005, na wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa sababu kuanzia Desemba hadi Aprili nyasi zote huchanua, okidi za aina zaidi ya arobaini zikiwemo. Kaka yake alikwenda huko na shule. Alirudi na matope hadi magotini na hadithi zilizodumu wiki nzima. Mdogo wake akasikiliza zote, akauliza rangi ya kila ua, kisha akaniuliza lini zamu yake. Kitulo iko mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa kule ni nyepesi, oksijeni ni kidogo, na baridi yake inaizidi ya kwetu. Chembe za mtoto huyu hupinda pale zinapokosa oksijeni. Daktari alitushauri tusimpeleke, nami nilimweleza mwanangu hivyohivyo bila kumzungusha. Hakulia. Alisema tu, "Sawa, mama," na sauti ile ilinikaa moyoni miezi kadhaa. Mahali pazuri kuliko pote katika mkoa wetu hapakuwa pake.

Basi tukaanza kutazama upande wa chini, penye joto. Baba yao ndiye aliyetaja Kunduchi, bustani ya michezo ya maji iliyoko kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, inayojulikana kwa jina la Wet 'n' Wild. Dada yangu anakaa Tegeta, si mbali na hapo. Kliniki ya Desemba 2018 ilikuwa imekwisha kupangwa. Tungekwenda wote wanne, kliniki kwanza, halafu siku moja ya kucheza.

Nilimuuliza daktari kwa woga, nikitarajia katazo jingine. Hakukataza. Akakaa nasi akaeleza mambo ambayo tangu hapo nimeyarudia kwa wazazi wengi. Maji yenyewe si adui, adui ni ubaridi wa ghafla. Aingie maji yakiwa yamepata jua la kutosha, kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, aanze na miguu. Akitoka afutwe na kuvikwa nguo kavu papo hapo, kwa sababu maji yanayokaukia mwilini kwenye upepo humpoza mtu kuliko maji ya bwawa. Anywe maji mengi, hata kama haoni kiu, kwani damu ikikosa maji huwa nzito na chembe hukwama upesi. Apumzike kabla hajachoka. Tubebe parasetamoli na ibuprofeni, na tujue hospitali ya karibu ni ipi. Tukaichunguza njia ya kwenda hospitali ya Lugalo kabla hata hatujanunua nguo za kuogelea.

Kuhusu kunywa maji kuna jambo ambalo wasafiri wa basi watalielewa haraka. Binti yangu alikuwa amezoea kukataa maji njiani. Basi la mikoani husimama linapotaka, na mahali pa kuchimba dawa ni vichakani, wanaume huku na wanawake kule, konda akipiga kelele kwamba gari linaondoka. Msichana wa miaka kumi huona aibu. Hivyo alikuwa akifika Dar es Salaam midomo imekauka, na mara nyingi maumivu yalikuwa yanaanzia hapohapo, kabla daktari hajamwona. Safari hii baba yake aliongea na dereva mapema, Makambako, akamweleza mtoto ana hali gani na anahitaji nini. Dereva yule alisimama kila tulipoomba, na mara mbili alisimama hata hatujaomba. Sijui jina lake. Mtoto alifika stendi ya Ubungo akiwa amekunywa chupa zake zote.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, nyumbani kwa dada, mimi nilikuwa napanga mfuko: taulo, khanga mbili, sweta, thamometa, dawa, chumvi ya kuongeza maji mwilini, ndizi, viazi vya kuchemsha. Binti yangu alikaa kitandani akinitazama. Akasema, "Mama, nina sharti moja. Msiniulize."

Nikamwuliza tusimwulize nini.

"Kama naumwa. Mkiniuliza kila saa, na mimi ninaanza kujisikiliza kila saa. Nikiumwa nitasema."

Baba yake, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Na sisi tutakuamini hapohapo." Yalikuwa makubaliano ya pande mbili, na nadhani hakuna kati yetu aliyetambua uzito wake usiku ule. Mzazi wa mtoto mwenye sikoseli huishi kwa kuuliza. Unaumwa? Umekunywa maji? Macho yako mbona yamezidi umanjano? Huulizi kwa kupenda. Umekwisha kuona homa ndogo ya jioni ikawa kulazwa usiku, umekwisha kuona bandama ikivimba ghafla, na unajua kwamba kuwahi ndiko kunakookoa. Lakini mtoto alikuwa ametuambia jambo ambalo halimo kwenye kipeperushi chochote nilichowahi kupewa: kwamba uangalizi wetu nao ulikuwa na sauti, na sauti ile ilimfuata hadi kwenye mchezo.

Tuliingia asubuhi jua likiwa tayari kali. Watoto wa dada yangu wakakimbia, kaka yake akawafuata. Yeye alikaa kwenye kiti kivulini na kutazama. Alitazama muda mrefu sana. Mimi nikauma ulimi. Baadaye ndipo nilipoelewa alichokuwa anafanya: alikuwa anahesabu ngazi za kila mtelezo, anaangalia watu wanangoja juani muda gani, maji ya bwawa gani yanapigwa na jua zaidi, wapi mtu anatua kwa kishindo na wapi anatua polepole. Chembe nyekundu za damu za mtu mwenye afya huishi siku zipatazo 120, zake huishi kati ya 10 na 20, na mwili hauwahi kamwe kuzijaza zote. Damu huwa pungufu wakati wote. Ngazi zinazomchekesha kaka yake, yeye humwacha akihema. Nguvu zake za siku ile zilikuwa na kiasi, naye hakutaka hata kidogo kipotee kwenye kitu asichokichagua.

Akachagua mtelezo wa kati, wenye ngazi chache na mkondo mpana unaopinda mara mbili. Akaenda kwanza kuchovya miguu kwenye bwawa la chini, kama alivyoelekezwa, akakaa ukingoni mpaka akazoea. Kisha akapanda, akipumzika katikati ya ngazi na kuwapisha wengine. Baba yake alisimama chini. Mimi nilisimama na khanga mikononi. Aliteleza akiwa amefumba macho na kufungua kinywa, akatua ndani ya maji, akaibuka, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo nilikuwa sijaiona bado, furaha isiyokuwa na chembe ya tahadhari. Nikamfunika, nikamkausha, akanywa maji, akaketi. Baada ya kupumzika akarudi kwenye mtelezo uleule. Siku nzima hakuujaribu mwingine, na alipoulizwa na binamu zake kwa nini hapandi ule mrefu, alisema, "Huu ndio wangu."

Kaka yake alikuwa na safari yake mwenyewe, na juu yake nataka kusema zaidi, kwa kuwa watoto kama yeye husahaulika. Ndugu mzima wa mtoto mgonjwa hujifunza mapema kutembea kwa kunyata. Shuleni alikuwa anabeba mabegi mawili. Alijua kupima homa kabla hajajua kugawanya kwa tarakimu mbili. Sikukuu zetu zilikuwa zimeharibika mara nyingi kwa dharura za mdogo wake, naye hakuwahi kulalamika, na kutolalamika kule kulikuwa kunanisumbua. Saa ya kwanza pale Kunduchi alikuwa anateleza mara moja na kuja mbio kututazama, anateleza na kuja tena. Mdogo wake akamwambia, "Kaka, na wewe usiniulize. Hata kwa macho." Akacheka, akaenda. Safari hii hakurudi. Nilimwona juu kabisa ya mnara wa mtelezo mrefu, kijana wa miaka kumi na minne mwenye mabega yaliyoshushwa, anapiga kelele na wavulana asiowajua. Miaka kadhaa baadaye aliniambia kwamba siku ile kwa mara ya kwanza alisahau kuwa ana mdogo anayeumwa, na kwamba aliona vibaya alipokumbuka. Nilimwambia kusahau kule tulikukusudia. Tulikuwa tumebeba mfuko mzima wa dawa na kuijua barabara ya kwenda hospitali ili yeye asahau.

Mchana, wakati tunakula, mama mmoja wa meza ya jirani aliniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto ana homa ya manjano, maana macho yake. Nilikuwa nafungua kinywa kujibu. Binti yangu akawahi: "Shikamoo, mama. Nina sikoseli. Haiambukizi." Yule mama akaitikia marahaba, akabaki kimya kidogo, halafu akasema ana mpwa Tabora mwenye hali hiyohiyo ambaye hawajawahi kumtoa popote kwa hofu. Wakaongea wawili wale kuliko nilivyoongea mimi. Mtoto wangu akamfundisha habari ya taulo, upepo na maji ya kunywa, na akamwelekeza kwenye bwawa lenye maji ya vuguvugu.

Alasiri upepo wa kaskazi ukaanza kuvuma kutoka baharini. Ni upepo mzuri, watu wa Dar es Salaam huusubiri. Binti yangu alikuwa amejifunga khanga zote mbili, amekaa. Akageuka kwa baba yake na kusema, "Sasa." Hakutaja maumivu. Baba yake akainuka papo hapo na kuanza kukusanya viatu. Kaka yake wakati huo alikuwa kwenye foleni juu ya mnara, karibu kabisa kufikia zamu yake, na baba akanyoosha mkono kumwita. Mtoto akamshika mkono. "Muache ateleze kwanza. Huo muda ninao."

Tukangoja. Kijana akateleza, akatoka majini, akatuona tumesimama na mifuko, akaelewa bila kuambiwa. Kwenye bajaji kurudi Tegeta mguu ulikuwa umeanza kuuma, wa kushoto, chini ya goti. Dawa, maji, chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, godoro. Usiku ulikuwa mgumu kiasi. Asubuhi alikuwa amelala usingizi wa kawaida, na hatukwenda Lugalo.

Nimefikiria sana neno lile moja, "Sasa." Maumivu ya sikoseli hayana kipimo. Hakuna mashine inayoonyesha kwamba huyu anaumwa saba na yule anaumwa tatu, na hakuna karatasi ya maabara inayoweza kumkana au kumthibitisha. Kuna maneno yake tu. Wagonjwa wa selimundu wa nchi nyingi, Marekani na Uingereza zikiwemo, wameeleza kwa uchungu jinsi wanavyofika mapokezi wakisema wanaumwa na kutazamwa kama waongo au watu waliozoea dawa. Sisi nasi tumepata kuambiwa, mahali ambapo sitapataja, kwamba mtoto anadeka. Kumwuliza mno na kutomwamini huonekana ni mambo yaliyo mbali, na bado yote mawili humnyang'anya mgonjwa kitu kilekile, yaani mamlaka ya kuujua mwili wake. Kunduchi tulimrudishia. Tulinyamaza, na aliposema tukainuka. Yeye naye akaonyesha kwamba anajua mpaka dakika ngapi zimebaki kabla ya maumivu kufika, na kwamba anaweza kumpa kaka yake dakika hizo.

Majira yaleyale yalitoka matokeo ya utafiti wa REACH, uliowapa watoto wapatao mia sita wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda dawa ya haidroksiyurea. Ulionyesha kwamba inafaa na ni salama hata kwa watoto wetu wanaoishi penye malaria. Dawa hiyo huufanya mwili utengeneze tena aina ya himoglobini aliyokuwa nayo mtoto tumboni, ambayo haifanyi chembe zipinde. Binti yangu alianzishiwa baadaye, na idadi ya kulazwa kwake ilishuka mpaka mama mkwe akaanza kutoa sadaka ya shukrani kanisani kila mwisho wa mwezi. Lakini ni dawa ya kila siku, na gharama yake ni ya kila mwezi. Wapo wazazi nawafahamu, huku kwetu na Makete, wanaoikatisha msimu wa kilimo kwa sababu fedha yote imekwenda kwenye mbolea. Hao siwezi kuwaambia habari za mitelezo ya maji. Nawaambia kwanza wasikatishe dawa, na ninapoweza nakwenda nao kuulizia bima na ustawi wa jamii.

Nikimaliza hayo ndipo ninaposema jambo la pili, na huwa wananitazama kwa mshangao. Nawaambia mtoto apelekwe mahali ambapo hakuna anayevaa koti jeupe. Si lazima Dar es Salaam. Palipo chini na penye joto panatosha, mradi kivuli kipo, choo kipo karibu, maji ya kunywa yapo, na yeye ndiye anayesema tuondoke saa ngapi.

Sasa ni msichana mkubwa, yuko sekondari, sweta yake ya shule ni nzito kuliko za wenzake kwa kibali cha mwalimu, kibali alichokwenda kukiomba mwenyewe. Mwaka huu amechagua Matema, Kyela, kwenye Ziwa Nyasa, ambako ni karibu zaidi kwetu kuliko pwani na mchanga wake huwa wa moto mpaka jioni. Bibi yake anataka kuja. Tatizo ni njia, kwani inapita Tukuyu, kwenye mvua na baridi, na basi husimama pale. Amekwisha kuniambia atakaa kiti cha ndani, upande usio na dirisha linalovuja, na kwamba bibi naye abebe sweta.